Damu ya Nani? Watazamaji wa The Vampire Diaries na Gharama ya Mapenzi

Mtazamaji wa hadithi ya mapenzi ana maswali mawili ya kuuliza. La kwanza ni la furaha: nani atampata nani? La pili ni zito, na aghalabu huulizwa na wachache: mapenzi hayo yanalipiwa na nani? Kwa muda wote tamthilia ya The Vampire Diaries ilipokuwa ikioneshwa katika televisheni ya Marekani, tangu tarehe 10 Septemba 2009 hadi tarehe 10 Machi 2017, watazamaji wake waliyauliza maswali yote mawili kwa bidii. La kwanza lilivuma zaidi, likawagawa watu makundi mfano wa washabiki wa mpira. La pili halikuvuma sana. Lakini kwa maoni yangu, waliouliza hilo la pili waliifahamu hadithi kuliko hata waliokuwa wakiiandika. Makala hii inakusudia kuwatetea.

Kwa manufaa ya msomaji ambaye hakupata kuiona, tuanze na asili ya kisa. Riwaya tatu za mwanzo ziliandikwa na L. J. Smith na zilitoka mwaka 1991, miaka kumi na minne kabla ya Twilight ya Stephenie Meyer. Hili ni la kukumbukwa, maana wengi katika watazamaji wa 2009 waliipokea tamthilia kwa tuhuma kuwa imemwiga mtu ambaye, kwa hakika, ndiye aliyekuja nyuma. Kisa chenyewe ni cha msichana wa skuli, Elena Gilbert, yatima, anayependwa na ndugu wawili: Stefan na Damon Salvatore. Ndugu hao ni wanyonya damu. Walikufa zamani, hawazeeki, na huishi kwa damu ya walio hai. Kabla ya Elena wote wawili walikwisha kumpenda mwanamke mmoja, Katherine, mwenye sura ya Elena hasa.

Kevin Williamson na Julie Plec, walioigeuza riwaya kuwa tamthilia, walibadili mengi. Ndugu wa kitabuni ni watoto wa mji wa Florence, Italia ya karne nyingi zilizopita. Wa televisheni ni wana wa bwana mwenye ardhi katika jimbo la Virginia, waliogeuzwa wanyonya damu mwaka 1864. Mji wa Fell's Church ukaitwa Mystic Falls. Elena wa kitabuni ana nywele za dhahabu. Wa televisheni, aliyeigizwa na Nina Dobrev, ana nywele za rangi ya kiza. Wasomaji wa zamani wa riwaya walinung'unika sana kwa nywele hizo. Kumbe badiliko kubwa zaidi lilikuwa limefanywa kwa mhusika mwingine, ambaye tutamfikia.

Usiku wa kwanza walitazama watu takriban milioni 4.9, na tamthilia ikadumu misimu minane na sehemu 171. Hadithi inayodumu muda wote huo haikosi kuzaa vyama. Stefan ni mtu wa kujizuia. Hunywa damu ya wanyama ili asiidhuru ya watu. Damon ni mkali, mcheshi, mwenye kejeli, na dhambi zake hazifichi. Waliomtaka Elena awe wa Stefan waliyaunganisha majina wakapata Stelena. Waliomtaka awe wa Damon wakajiita Delena. Mwisho wa msimu wa tatu, mwaka 2012, Elena alimchagua Stefan. Usiku ule ule akafa maji, na kwa kuwa mwilini mwake mlikuwa na damu ya Damon, akaamka naye ni mnyonya damu. Katika msimu wa nne akawa wa Damon. Kila upande ulishangilia kwa zamu, na kila upande uliomboleza kwa zamu.

Kuna wahakiki waliolidharau jambo hili lote wakaliona ni utoto. Mimi silidharau, kwa sababu ndani ya makelele hayo mlikuwamo mjadala wa maana. Chukua mfano wa Caroline Forbes, rafiki wa Elena. Katika msimu wa kwanza Damon humtawala akili kwa jicho lake la kinyonya damu, humfanya mpenzi bila ya hiari yake, na humnywa damu apendavyo. Waandishi walilipita jambo hilo haraka, wakaendelea kumjenga Damon kuwa kipenzi cha watu. Watazamaji hawakulipita. Walilirudia mwaka baada ya mwaka, na kila umri wa dunia ulivyosogea ndivyo lilivyozidi kuonekana kwa jina lake halisi, yaani dhulma. Vivyo hivyo katika msimu wa nne ilipobainika kuwa Elena amefungwa na kifungo cha utii kwa yule ambaye damu yake ndiyo iliyomgeuza. Je, mapenzi ya aliyefungwa kutii ni mapenzi? Wapo waliosema kifungo kilikuza tu kile kilichokuwamo moyoni tangu zamani. Wapo waliojibu kuwa moyo usioweza kukataa hauwezi pia kukubali. Mjadala wa namna hii ungelistahili baraza lolote la watu wenye akili.

Hata hivyo, pande zote mbili zilikuwa na kasoro moja. Zilibishana kuhusu zawadi, yaani Elena, na kuhusu nani anaistahili. Bei ya zawadi hiyo zilikuwa haziitazami. Walioitazama bei ni wale watazamaji waliomwangalia Bonnie.

Katika riwaya anaitwa Bonnie McCullough, kijisichana cha nywele nyekundu ambaye ukoo wake unatokana na makuhani wa kale wa Wakelti. Katika tamthilia anaitwa Bonnie Bennett, ni msichana mweusi, ameigizwa na Kat Graham, na ukoo wake ni wa wanawake wenye nguvu za uchawi. Kwa mtazamo wa kwanza ni badiliko la kusifiwa: hadithi iliyokuwa ya weupe watupu ikampa msichana mweusi kiti cha mbele na nguvu kubwa kuliko za wenzake. Lakini kumpa mtu nguvu ni jambo moja, na kumwachia azitumie kwa ajili ya maisha yake ni jambo jingine. Na tuitazame hesabu yake ilivyokwenda.

Katika msimu wa kwanza bibi yake, Sheila, alikufa kwa kuchoshwa na kazi ya kulifungua pango lililofungwa kwa uchawi, ili Damon amtoe Katherine. Na Katherine hakuwamo. Katika msimu wa tatu Damon alimgeuza mama yake, Abby, kuwa mnyonya damu, ili Elena apone. Mwisho wa msimu wa nne Bonnie mwenyewe alikufa akimrudishia uhai Jeremy, mdogo wake Elena. Mwanzo wa msimu wa tano baba yake aliuawa mbele ya umati wa watu, naye Bonnie, ambaye wakati huo ni mzuka asiyeonekana, akashuhudia bila ya kuweza kunyoosha mkono. Aliporejeshwa duniani alirejeshwa kuwa mlango baina ya walio hai na waliokufa, kila kiumbe kilichokufa miongoni mwa wenye nguvu kikipita kwake na kumwachia maumivu ya kifo chake. Katika msimu wa nane Enzo, mwanamume aliyempenda, aliuawa na Stefan. Hiyo ni familia nzima na mapenzi yake yote, na takriban kila kifungu cha hesabu kimeandikwa kwa ajili ya Elena au kwa mkono wa mmoja wa wale ndugu wawili.

Watazamaji waliyaona haya kabla ya wahakiki wa magazeti kuyaandika. Miongoni mwao wengi walikuwa wanawake weusi, ambao hawakuhitaji kufundishwa namna ya kumtambua mtu anayeitwa wakati wa shida na kusahauliwa wakati wa karamu. Waliuliza kwa nini Bonnie hakosi kuwapo panapohitajika uchawi, lakini hukosa kuwapo panapozungumzwa mapenzi. Waliuliza kwa nini kiangazi kizima kilipita tangu alipokufa, na rafiki zake wa roho wasijue. Na swali hilo ni la ufundi wa kusimulia kama lilivyo la haki. Kifo kisichobadili chochote katika maisha ya waliobaki ni kosa katika ujenzi wa hadithi.

Kuna jambo jingine waliloliona, nalo ni zito zaidi. Bibi mkubwa wa ukoo huo, Emily Bennett, anaoneshwa katika Virginia ya 1864 akiwa mtumishi wa Katherine. Mwaka ule Virginia ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vita vilivyotokana na utumwa, na nyumba kama ya kina Salvatore haikuendeshwa kwa upepo. Tamthilia iliichukua miaka hiyo kwa ajili ya magauni mapana, dansi na taa za mishumaa. Watu waliofanya kazi katika mashamba hayo ikawapitia kando. Waandishi wanaorudi mwaka 1864 mara kwa mara, na bado wakaweza kutousema utumwa kwa kinywa kipana, wamechagua kutousema. Na chaguo hilo linaeleza kwa nini iliwawia wepesi kumfanya Bonnie wa leo aendeleze utumishi wa Emily. Jina la kazi limebadilika, likaitwa urafiki.

Hapa nadhani mtazamaji wa pwani yetu ana la kuchangia, maana lugha yetu imehifadhi maneno mawili yanayolitazama suala hili kwa jicho jingine. La kwanza ni jini mahaba. Watu wetu wamekuwa wakisimulia juu ya kiumbe kisichokuwa mtu, kinachompenda binadamu, kikamwonea wivu na kumfungia njia za ndoa. Lakini katika masimulizi hayo mapenzi ya namna ile ni maradhi. Aliyepatwa hupelekewa mganga ili afunguliwe. Hakuna anayeshangilia kundi la jini. La pili ni mumiani. Neno hili asili yake ni jina la dawa, kitu cheusi kama lami. Lakini katika zama za ukoloni likawa jina la hofu iliyotapakaa Afrika ya Mashariki, kwamba wapo watu wanaokamata wengine usiku na kuwatoa damu ili itengenezewe dawa. Mwanahistoria Luise White aliziandikia hofu hizo kitabu kizima kilichotoka mwaka 2000, na hakuziona kuwa ni ujinga wa kuchekwa. Alizisoma kama kauli ya watu juu ya utawala uliowatumia.

Angalia tofauti. Mnyonya damu wa riwaya za Magharibi ana jina, uso mzuri, huzuni ya miaka mia na mashairi ya kumsomea mpenziwe. Mumiani hana uso, na hakuna aliyeuliza kama ana huzuni. Linaloulizwa kwa mumiani ni hili: damu ni ya nani, na imempa nani afya? Ukiichukua hoja hiyo ukaiingiza Mystic Falls, hadithi inapinduka. Pembetatu ya Elena na ndugu wawili inarudi nyuma, na mbele anasimama Bonnie na mama zake, vizazi kwa vizazi, wakitolewa nguvu zao ili wengine wapendane. Sidai kwamba watazamaji wa Marekani walikuwa na habari ya mumiani. Nasema walifika kwenye swali lile lile kwa njia yao wenyewe, na kwamba swali hilo ni la kale na la haki.

Wapo wanaoitetea tamthilia, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kujitoa mhanga ni ushujaa. Kwamba Bonnie ndiye shujaa wa kweli wa hadithi. Na kwamba hata Stefan mwishowe aliutoa uhai wake ili Damon na Elena waishi. Ni kweli. Lakini kifo cha Stefan kilitayarishwa, kikapewa sababu, kikaliliwa, na hadithi nzima ikasimama kumpisha. Aliyatoa maisha yake baada ya kuyaishi, na alikuwa na deni la damu la kulipa. Bonnie alikuwa akilipa madeni ambayo hakukopa. Kujitoa mhanga kunakuwa ushujaa pale ambapo mtu alikuwa na jingine la kuchagua, na tukaoneshwa thamani ya hilo jingine. Mtu anayetolewa kila msimu, kwa sababu ndivyo kisa kilivyozoea, huyo hajajitoa, ametolewa.

Na haki iliyopo ni kusema kwamba safari moja tamthilia yenyewe ililiuliza swali la pili kwa uwazi. Nina Dobrev alipoondoka mwisho wa msimu wa sita, mwaka 2015, waandishi walimlaza Elena usingizi wa uchawi: hataamka maadamu Bonnie yu hai. Damon alimkuta Bonnie amejeruhiwa, anakaribia kufa; akimwacha, atampata Elena siku ile ile. Akamuaga, akageuka, akaondoka. Kisha akarudi akamwokoa. Kwa sekunde chache zile, mapenzi makubwa ya hadithi yaliwekwa kwenye mizani na uhai wa yule aliyekuwa akiyalipia, na mizani ikaangukia upande ambao haukuwahi kupewa uzito. Watazamaji waliozipenda sehemu za Damon na Bonnie walipokuwa wamenaswa wawili tu katika ulimwengu wa siku moja ya 1994 inayojirudia, walikuwa na sababu nzuri. Pale tu, mahali pasipokuwa na Elena wa kuokolewa, ndipo Bonnie alipopata nafasi ya kuwa mtu: akapika, akabishana, akakata tamaa, akacheka.

Wala deni halikuishia ndani ya kisa. L. J. Smith aliziandika riwaya zile kwa kuagizwa, na haki miliki haikuwa yake; ilikuwa ya kampuni, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Alloy Entertainment. Tamthilia ilipovuma aliandika vitabu vingine vitatu, vilivyotoka 2009 hadi 2011. Kisha, mwaka huo wa 2011, akaondolewa katika hadithi yake mwenyewe, na mwandishi mwingine akashika kalamu huku jalada likiendelea kubeba jina la Smith kama mbunifu. Lililofuata halina mfano mwingi katika historia ya fasihi. Kampuni ya Amazon ilikuwa imefungua mpango wa kuwaruhusu mashabiki kuandika na kuuza visa vyao kuhusu wahusika wa wengine, kwa idhini ya wenye haki. Kuanzia 2014 Smith aliingia kwa mlango huo huo wa mashabiki, akaendelea kusimulia habari za Elena kama mgeni katika nyumba aliyoijenga. Mpango wenyewe ulifungwa mwaka 2018, na Smith akafariki dunia tarehe 8 Machi 2025.

Wapenzi wa ushairi wataliona hapa jambo wanalolijua. Watunzi wa tenzi wa mwambao walikuwa na ada ya kulitia jina lao, na pengine mwaka wa utungo, katika beti za mwisho, ili mnakili asije akalichukua shairi akasahau lilipotoka. Walijua kwamba utungo ukishatoka kinywani unakuwa wa watu: utaimbwa, utajibiwa, utapokezwa, na malenga mwingine atatunga wa kuupinga. Hilo hawakulizuia, kujibizana ndiko kulikouweka ushairi wetu hai. Walichokilinda ni kukumbukwa kwa mkono uliofanya kazi. Mashabiki walioandika visa vyao, wakampa Bonnie mapenzi na nyumba ambavyo tamthilia ilimnyima, walikuwa wakijibu kama malenga wanavyojibu. Na walipomtaja Smith kwa heshima wakati vitabu vyenye jina lake vinaandikwa na mwingine, walikuwa wakimrudishia ubeti wake wa mwisho.

Tamthilia ilipofika tamati mwaka 2017, Bonnie aliukinga mji mzima na moto wa jahanamu, mababu zake wa kike wakiwa nyuma yake. Akaufungua uchawi, Elena akaamka, naye akabaki hai. Elena akawa daktari na kuishi na Damon. Bonnie akafunga safari ya kuitembea dunia. Wengi waliridhika. Wachache wakasema kwamba safari ni zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena wa kumsubiri nyumbani: bibi hayupo, baba hayupo, mpenzi hayupo. Maneno hayo ni machungu, lakini ni uhakiki wa haki, na yamesemwa na watu ambao hawakuwa na cheo cha uhakiki.

Tumezoea kuwadharau watazamaji wa tamthilia, tukadhani wao hulia na kucheka tu, na kwamba kupima ni kazi ya waliosoma. Kisa hiki kinatukanusha. Waandishi waliwasikiliza waliopiga kelele kuhusu nani apewe Elena, maana hao ndio walioonekana wengi. Lau wangeliwasikiliza waliokuwa wakiihesabu damu, wangelipata hadithi bora zaidi na ya kweli zaidi, yenye mapenzi ambayo wapendanao wenyewe wanayalipia.